Majirani wa Kware, Tuushike Mkataba Wetu wa Amani

Majirani zangu wa Kware, nanyi wa Pipeline, Tassia, Mukuru kwa Njenga na kokote kwingine Eastlands ambako mwenye ploti hubisha mlango mwezi ukianza, nawaandikia kuhusu vita. Nawaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniita mchochezi.

Neno hilo lilitangulia kusemwa na mkubwa wa nchi. Tarehe 9 Julai 2025, hapa Nairobi, Rais William Ruto alisema kwamba anayeshambulia polisi au kituo cha polisi anatangaza vita. Akaongeza kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apitie hospitalini akienda kortini. Mimi sitetei uchomaji. Mama aliyekopa pesa za chama akafungua kibanda cha viazi kando ya Outering Road hajamkosea mtu, na anayekichoma kibanda hicho anamwonea yeye wala hamwonei Rais. Lakini ikiwa kuvamia kituo cha polisi ni vita, tuna haki ya kuuliza na la upande wetu. Serikali inapombomolea mtu nyumba bila notisi, inapomkamata kijana na kumficha, inapoleta wanajeshi barabarani kabla Bunge halijakubali, inamfanyia nini raia huyo?

Kwa maoni yangu, inampiga vita. Serikali ina bunduki, ina tingatinga, ina seli na ina magari yasiyo na namba za usajili. Kinachofanya vyombo hivyo viwe vyetu, visiwe vya adui, ni Katiba peke yake. Ikiondolewa Katiba, mwenye bunduki mbele ya mlango wako anabaki kuwa mtu mwenye bunduki tu.

Fikra hii ina umri mrefu. John Locke wa Uingereza aliandika katika karne ya 17 kwamba mtawala anayevunja dhamana aliyopewa na watu hujiweka katika hali ya vita nao. Wamarekani walipotangaza uhuru wao mwaka 1776, walimlaumu Mfalme George III kwa kuwanyima ulinzi wake na kuwapiga vita wao waliokuwa raia wake. Sisi lakini hatuna haja ya kuvuka bahari, kwa sababu Katiba yetu ilitoka katika damu yetu wenyewe.

Mliokuwa watu wazima Januari 2008 mnakumbuka. Mnakumbuka barabara zilizofungwa kwa mawe, na jinsi jirani alivyokuwa akiulizwa jina lake la pili kabla ya kuruhusiwa kupita. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kati yao 405 waliuawa kwa risasi, na tume hiyo iliwataja polisi kuwa wahusika wakuu wa vifo hivyo vya risasi. Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Harambee House, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia saini makubaliano huku mpatanishi Kofi Annan akishuhudia. Katika mazungumzo hayo kulikuwa na ajenda ya nne, iliyosema kwamba kusitisha mapigano hakutoshi, kwamba ni lazima nchi irekebishe ardhi, polisi, mahakama na Katiba yenyewe. Tarehe 4 Agosti 2010 tukapanga foleni na kupiga kura, na tarehe 27 mwezi huohuo Katiba mpya ikazinduliwa pale Uhuru Park.

Kwa hiyo ninapoiita Katiba mkataba wa amani sipambi maneno. Ilikuwa njia yetu ya kutoka vitani. Sisi tulikubali kutii, kulipa ushuru, kupeleka ugomvi wetu kortini na kuacha mapanga. Wao walikubali kutukamata kwa masharti, kutuhamisha kwa masharti, kutumia pesa zetu kwa masharti. Ni kama katiba ya chama chenu cha Jumapili: mweka hazina anashika sanduku kwa sababu nyote mlikubaliana vile atakavyolishika, na siku anapochukua pesa bila kikao, hata akizinunulia kitu kizuri, amekwisha kuivunja katiba hiyo.

Eastlands ilijua vita vya serikali kabla ya Katiba hii. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni iliizingira Nairobi kwa maelfu ya wanajeshi na polisi, katika operesheni iliyopewa jina la Anvil. Wanaume wa Bahati, Pumwani, Shauri Moyo na mitaa mingine walitolewa vyumbani, wakapangwa mistari, wakachujwa Langata na kupelekwa kambini. Wakati huo kulikuwa na tangazo rasmi la hali ya hatari. Mei 1990, tukiwa tumejitawala kwa zaidi ya robo karne, askari wa jiji walivamia Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, wakabomoa vibanda na nyumba za mabati. Hapo hapakuwa na hali ya hatari wala amri ya vita. Palikuwa na maskini kwenye ardhi ambayo mwingine aliitaka, basi. Tulipoandika Katiba ya 2010 tulikuwa tukiwakumbuka watu kama hao.

Sasa nije nyumbani.

Julai 2024, Kware ilijulikana dunia nzima kwa jambo ambalo hakuna mtaa ungetaka kujulikana nalo. Kuanzia tarehe 12, vijana wetu waliingia katika maji machafu ya timbo lililogeuzwa jaa la taka, wakatoa magunia yenye miili ya binadamu iliyokatwakatwa. Walikuwa wanawake, mabinti wa watu. Walioingia majini walikuwa vijana wa mtaa, kwa mikono yao, huku umati ukilia na kupiga kelele ukingoni. IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ilisema jaa hilo liko chini ya mita 100 kutoka Kituo cha Polisi cha Kware. Maafisa wa kituo hicho wakahamishwa. Siku chache baadaye polisi walitangaza kwamba wamemkamata mshukiwa na kwamba amekiri kuwaua wanawake 42. Wakili wake akasema mteja wake aliteswa. Tarehe 20 Agosti mshukiwa huyo akatoroka kutoka seli za Kituo cha Polisi cha Gigiri, pamoja na raia kadhaa wa Eritrea, na maafisa wa polisi wakakamatwa kwa kushukiwa kumsaidia.

Sitasema nani aliwaua wanawake wale, maana kesi huamuliwa mahakamani na wala haijaamuliwa. Nitasema lile ambalo Katiba inasema. Kifungu cha 2 kinatamka kwamba tendo lolote linaloenda kinyume na Katiba ni batili, na papo hapo kinataja pia kutotenda. Kifungu cha 29 kinampa kila mtu haki ya kutodhulumiwa kwa ukatili, utoke kwa serikali au kwa mtu binafsi. Tuyasome hayo mawili pamoja. Polisi wanaoletewa taarifa ya binti aliyepotea wakaijibu familia kwamba labda ameolewa, wamevunja Katiba kwa kukaa kitini. Kituo kisichojua kinachotupwa mbele ya lango lake mwezi baada ya mwezi kimevunja Katiba bila kufyatua hata risasi moja. Mimi naamini huu ndio uvunjaji unaotuua zaidi huku kwetu, na ndio tunaouzoea upesi zaidi, kwa sababu hauna moshi. Hakuna kamera inayokuja kupiga picha ya gari la polisi ambalo halikuja.

Kuna ule mwingine wenye kelele. Oktoba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Viwandani na barabara kuu ya Mombasa. Mashirika ya haki yalikadiria kwamba watu wapatao 40,000 walipoteza makao. Watoto walilala kwenye mahema ya nailoni juu ya vifusi vya nyumba zao, wengine wakiwa na mitihani mbele yao. Wakazi wengi walisema hawakupewa notisi inayostahili, wala mahali pa kwenda. Mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo, walipojaribu kurudi kwenye viwanja vyao, kukazuka makabiliano na polisi na watu wakafa.

Jambo hili linauma zaidi ukijua kilichotangulia. Agosti 2017, kaunti ilikuwa imetangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji, na wakazi, wakiongozwa na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, na mashirika washirika, wakafanya kazi ambayo haijawahi kuonekana katika mtaa wa mabanda nchini. Zaidi ya kaya 100,000 zilipangwa katika vikundi vya nyumba kumi kumi. Vikundi vikatoa wawakilishi, wawakilishi wakakaa na wahandisi na wanasheria, wakajadili mahali bomba litapita na nani atasogea ili barabara ipite. Watu walikuwa tayari kusogea! Waliomba tu kuulizwa. Kisha mwaka 2020 jiji likawekwa chini ya NMS, idara iliyoongozwa na jenerali wa jeshi, na Juni mwaka huohuo Jaji Hellen Wasilwa akaamua kwamba kazi za kaunti zilihamishwa kwa njia isiyo halali, akawapa siku 90 kurekebisha. NMS ilijenga hospitali na barabara Mukuru, na haki yake tuipe. Lakini raia aliyekwisha kuketi miaka mitatu akipanga mtaa wake hapaswi kuamshwa na tingatinga kana kwamba hakuwahi kusema neno.

Wala Mukuru haikuwa ya kwanza. Tarehe 4 Mei 2020, wakati wa kafyu ya korona, mvua ikinyesha na sote tukiambiwa tukae nyumbani, maelfu ya wakazi wa Kariobangi Sewage walibomolewa nyumba hizohizo walizoambiwa wakae ndani yake. Kulikuwa na amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji. Mwaka 2011 hali ilikuwa hivyo pia katika kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson: amri ya korti ilitolewa Septemba, nyumba za familia zaidi ya 3,000 zikabomolewa Novemba. Na Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali ilitoa amri ya watu kuondoka kandokando ya mito, tingatinga likafika Mathare na Mukuru kwa Reuben, na Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Mto ulikuwa hatari kweli. Waliosombwa na maji walikuwa watu wetu. Lakini mtu anayeokolewa na mto huonyeshwa kwanza mahali pakavu pa kulala.

Sheria inasemaje? Ishikeni hii, maana tutaihitaji tena. Sheria ya Ardhi ilirekebishwa mwaka 2016, na sasa inadai notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu kwenye ardhi. Kama ni ardhi ya umma, notisi itoke katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika gazeti linalosomwa nchi nzima, na itangazwe redioni. Siku ya kuhamisha yenyewe, wanaotekeleza wajitambulishe na waonyeshe kibali. Heshima ya watu ilindwe. Watoto, wazee, wanawake na watu wenye ulemavu wapewe uangalizi maalumu, na mali isiharibiwe ovyo. Na wale wa Mitumba, baada ya miaka kumi ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, waliisikia Mahakama ya Juu tarehe 11 Januari 2021 ikisema kwamba hata asiye na hatimiliki, akiwa ameishi katika ardhi ya umma, ana haki ya makazi ambayo mahakama inaweza kuilinda. Uamuzi huo ni wetu pia. Kila mtu anayepanga chumba cha mabati Kware anapaswa kujua kwamba upo.

Kuhusu mwaka 2024 nitasema machache, maana sote tuliuona. Tarehe 25 Juni, vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, Waziri wa Ulinzi Aden Duale alitangaza kuwaleta wanajeshi. Kifungu cha 241 kinasema jeshi laweza kutumwa kurejesha amani ndani ya nchi kwa idhini ya Bunge la Kitaifa tu. Idhini hiyo ilitafutwa siku iliyofuata, wanajeshi wakiwa tayari wametangazwa. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na Jaji Lawrence Mugambi, ingawa hakuwaondoa wanajeshi, aliiamuru serikali ieleze mbele ya umma watafanya nini na kwa muda gani. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliokufa kati ya tarehe 18 Juni na 1 Julai. Hadi Desemba mwaka huo, tume hiyo ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa nyara tangu Juni. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu, aruhusiwe kuzungumza na wakili na wengine anaohitaji msaada wao, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mtu anayebebwa usiku na watu waliofunika nyuso hajakamatwa. Ametekwa, na jeshi linalopigana ndilo huteka watu.

Najua wapo wanaosema: basi, kama ni vita, na tupigane. Ndugu zangu, wadogo zangu, nawasihi kwa moyo wote msiende huko. Mkataba wa amani ukivunjwa na upande mmoja, wenye bunduki chache ndio wanaouhitaji zaidi. Jiwe lako linampa mwenye gari la maji ya kuwasha sababu aliyokuwa akiitafuta, na kesho yake hakuna anayezungumzia notisi ya miezi mitatu, wanazungumzia duka lililoporwa. Zaidi ya hapo, sisi ndio wenye mkataba. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na Kifungu cha 3 kinampa kila mtu wajibu wa kuiheshimu, kuitetea na kuilinda Katiba. Hakuna mahali panaposema wajibu huo ni wa wakili au wa mbunge. Unakuhusu wewe unayeamka saa kumi na moja kutembea hadi Viwandani kutafuta kibarua.

Ombi langu la kwanza ni kwamba tufufue zile nyumba kumi za Mukuru. Zilipatikana bila gari la serikali na bila posho kubwa, na zinaweza kupatikana tena katika ploti za ghorofa saba na nane za Kware. Kila ghorofa ina vyumba vya kutosha. Chagueni watu wawili mnaowaamini, mwanamume na mwanamke, ambao simu zao ziko na kila mpangaji. Kijana akichukuliwa, wao ndio wa kwanza kujua. Wao ndio watakaoandika saa, mahali, namba ya gari na maneno yaliyosemwa, kabla kumbukumbu haijachanganyika na uvumi. Wao ndio watakaokwenda kituoni na mzazi, kwa sababu mzazi peke yake, akiwa amejawa na hofu, hufukuzwa kirahisi. Na wakifika, wadai tukio liandikwe katika OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na wapewe namba. Bila namba ya OB ni kama hamkufika. Binti akipotea, mambo ni yaleyale, na msikubali kuambiwa msubiri. Akipigwa au kubakwa mtu, fomu ya P3 ya polisi, inayojazwa na daktari, hutolewa bila malipo.

Ombi la pili ni kuhusu mahakama, na hapa naomba mnipe nafasi, kwa sababu naona tumeiogopa mahali tusipopaswa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda kortini kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Jaji aliitupa kesi yake kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwamba jambo hilo halikumgusa yeye binafsi kuliko watu wengine. Katiba ya 2010 ilifungua mlango huo. Vifungu vya 22 na 258 vinasema mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani haki ikivunjwa au ikitishiwa, kwa niaba yake, ya mwingine asiyeweza kujitetea, ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za kimsingi. Na ikilazimu, mahakama itapokea hata karatasi isiyo na umbo rasmi. Okiya Omtatah alipinga sheria na uteuzi mwingi wa serikali akiwa mwanaharakati asiye wakili, akijiandikia kesi zake mwenyewe, na alishinda mara nyingi. Sisemi kila mmoja wetu aandike kesi. Nasema tuache kusema "serikali ina mkono mrefu" kana kwamba sheria haikuwekewa mkono wowote. Vituo vya haki vya kijamii vipo Mathare, vipo Mukuru, vina wasaidizi wa kisheria wanaoishi vyumba vya kupanga kama sisi. Wapelekeeni ushahidi mapema. Wapelekeeni pia muda wenu, hata saa mbili za Jumamosi.

Ombi la tatu ni kwamba tuhudhurie vikao vya umma vya kutoa maoni kuhusu sheria, hata vikichosha. Najua vile vinavyofanywa: tangazo linabandikwa siku mbili kabla, kikao kinawekwa asubuhi ya siku ya kazi, wanaofika ni wale waliolipiwa soda na nauli. Lakini mara nyingi sheria zimeanguka mahakamani kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na ushahidi wa kutoshirikishwa hutolewa na mtu aliyejaribu kushiriki. Andika barua ya ukurasa mmoja. Ipeleke kwa karani wa bunge la kaunti au kwa ofisi ya chifu, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ubaki nayo. Siku moja nakala hiyo itasimama mbele ya jaji.

Nina neno kwa maafisa wa polisi. Tangu mageuzi ya 2018, wengi wenu mmehama kambini na kupanga vyumba huku kwetu. Watoto wenu wanacheza na wetu kwenye korido hizi, na maji yakikatika nanyi mnanunua mtungi kwa bei tunayonunua sisi. Tunajua mishahara yenu, tunajua mnavyotumwa bila kulala. Sheria inayowaongoza ninyi inasema wazi katika jedwali lake la sita kwamba amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Mkubwa aliyetoa amri kwa simu hatakuwa kizimbani nawe. Siku ukiambiwa ubebe mtu bila kumwandika kitabuni, kumbuka kwamba una haki ya kukataa na kwamba huku mtaani utapata majirani watakaosimama nawe. Nasema hivyo nikimaanisha. Afisa anayeiheshimu Katiba asiachwe peke yake, naye alindwe kama tunavyotaka atulinde.

Viongozi wetu wa Embakasi Kusini, kuanzia wazee wa Nyumba Kumi na machifu hadi diwani na mbunge, nanyi mna wajibu wa kuitii Katiba hiihii. Tingatinga likija, tunawatarajia mfike kabla yake mkiwa na nakala ya notisi mkononi, au mkiwa na wakili ikiwa notisi haipo. Kufika baadaye na magodoro na unga tunashukuru, lakini kazi yenu kwetu si hiyo.

Na kuna jambo ambalo nataka tulidai pamoja kuanzia baraza lijalo, kwa ajili ya wale waliotolewa majini. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Kitaifa ya Huduma ya Koroneri, ili vifo vya kutatanisha vichunguzwe na afisa asiye chini ya polisi. Miaka saba baadaye, magunia yalipopatikana Kware, huduma hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi, na familia zilibaki mikononi mwa wachunguzi wa polisi ileile ambayo kituo chake kilikuwa kando ya jaa. Tumuulize mbunge wetu, kwa maandishi na kwa sauti, ofisi ya koroneri wa Nairobi itafunguliwa lini, na ni kiasi gani kimetengewa kazi hiyo katika bajeti ya mwaka huu. Barua hiyo iwe na majina ya wapangaji wa kila ghorofa iliyochagua watu wake wawili, na ipelekwe na watu wengi kadiri tutakavyoweza kwenda pamoja, tukiwa tumewatanguliza jamaa za wanawake wale ikiwa watakubali.